Watu Mia na Ng'ombe Tisa

Akinyi, binti yangu, ambaye ndiye msimamizi wenu pale Rongo, ameniomba niwaandikie kurasa chache juu ya namna ya kutunza maandishi ya kazi kwenye simu na kompyuta bila kupoteza muda. Amewaambia kwamba baba yake alikuwa bingwa wa maandishi kwa miaka thelathini na mmoja. Nilikubali haraka, kwa sababu mstaafu akiombwa ushauri huwa hangoji kuombwa mara ya pili. Sasa nimeketi, nimechonga penseli tatu, nimekunywa chai vikombe viwili, na nimeona kwamba huyo aliyeleta habari ya ubingwa aliwapotosha. Naogopa ni mimi mwenyewe niliyempa Akinyi hizo habari.

Kazi yenu naijua kidogo. Mnakaa kile chumba cha juu ya duka la mbolea, mnaletewa picha na kampuni za mbali, mnachora visanduku kuzunguka vitu vilivyomo na kuvipa majina: gari, mti, mbwa, mtu. Akinyi anasema picha hizo ndizo zinazoifundisha akili bandia kuona. Basi nisikilizeni, maana mimi pia niliwahi kuifundisha mashine kuona, na niliifundisha ovyo.

Nilikuwa karani wa chumba cha redio katika kikosi cha usalama. Msije mkanifikiria nikiruka nyua nyuma ya majambazi. Bunduki nilipewa, ndiyo, lakini kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti, sikio kwenye redio na mkono kwenye daftari, nikiandika nani ameona nini, wapi na saa ngapi. Nilianzia Homa Bay, nikaenda Kisegi, nikamalizia Migori kwenye kambi ndogo ya mpakani, pale mashamba yetu ya miwa yanapoishia na malisho ya majirani yanapoanza. Hili tumbo mnaloliona sikulipata kwa kustaafu. Nililipata kazini, kwenye kiti cha serikali.

Aliyenifundisha kazi ni Koplo Chacha, Mkuria mrefu wa maneno machache, ambaye alipiga mstari mwekundu katikati ya kila ukurasa wa daftari lake. Siku yangu ya kwanza Homa Bay nilichungulia dirishani, nikaandika kwa mwandiko wa fahari: "Mlevi mmoja anakaribia geti." Chacha akasoma, akatoka nje, akarudi na yule mlevi akiwa amemshika mkono. Alikuwa mchungaji wa kanisa letu, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Mchungaji alinisalimu vizuri sana, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Ulevi umeuona wapi?" Chacha aliniuliza mchungaji alipokwisha kwenda. "Ulevi iko na rangi gani?"

"Alikuwa anayumba, Koplo."

"Sasa si ungeandika anayumba? Hii upande ya kushoto ni ya macho. Hii ya kulia ni ya kichwa. Macho yako naona ni mazuri. Kichwa, tutangoja."

Ndivyo nilivyofundishwa. Kushoto unaandika ulichoona na kusikia, kwa penseli. Kulia unaandika unachodhani maana yake, kwa wino. Nilimuuliza kwa nini penseli kushoto, akasema kalamu za wino zilikuwa chache na kichwa hutumia kidogo. Hakucheka aliposema hivyo, kwa hiyo mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania.

Faida ya penseli niliijua Remba. Tulitoka Kisegi kwa mashua kufuata injini zilizokuwa zikiibwa, na Remba, kwa ambao hamjafika, ni kisiwa kidogo kilichojaa mabati na watu hivi kwamba ukipiga chafya nyumba tatu zinakuombea afya. Watu walikuwa wengi ufukweni wakitutazama. Nikaona niruke kutoka mashuani kwa madaha, kama askari wa kwenye kalenda. Nilifika majini kabla ya ufuko, na daftari likafika kabla yangu.

Mama mmoja mwuza omena alinihurumia, akanikubalia nianike zile kurasa kwenye nyavu zake, katikati ya samaki. Alishinda hapo akifukuza ndege kwenye omena zake na kwenye ushahidi wangu.

"Omera," aliniita, maana kwetu ndivyo unavyomwita ndugu au rafiki, "hii karatasi yako nikiuza na omena kwa kopo la gorogoro, customer atakasirika?"

Kesi ilipofika mahakamani hakimu alinusa, akatazama huku na huku, kisha akaagiza madirisha yafunguliwe. Safu ya kulia yote ilikuwa imeyeyuka ikawa doa la bluu. Ya kushoto ilisomeka: injini imefunikwa kwa gunia la sukari, gunia limeshonwa kwa uzi wa nyavu wa rangi ya kijani, uzi huo huo uko nyumbani kwa fulani. Mwizi akapatikana na hatia kwa penseli. Wenzangu walinipongeza kwa kazi nzuri. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ule wino uliopotea ulikuwa umemtaja mtu mwingine kabisa, mzee mpole wa ufuoni ambaye sikuipenda sura yake tu.

Sasa nije kwenye simu, ambayo ndiyo mliyoomba.

Miaka michache kabla sijastaafu, Akinyi aliniwekea kwenye simu programu ya kuandikia. Alinionyesha kwamba naweza kuwa na folda, na ndani ya folda folda nyingine, na kila moja ikawa na rangi yake. Jamani! Nililewa bila kunywa. Kwa majuma matatu sikuandika neno la maana. Nilikuwa nikipanga mahali pa kuandika. Nilikuwa na folda ya Kazi, ya Kanisa, ya Shamba, ya Jamii. Ndani ya Jamii palikuwa na Harusi, Matanga, Wagonjwa na Wanaonikasirisha. Kuku wangu kumi na wanne kila mmoja alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wa jogoo ulikuwa mrefu kuliko ripoti yangu ya mwaka.

Kisha nikagundua vikumbusho. Kila nilichoandika niliiambia simu inikumbushe, na simu, kwa utiifu, ikanikumbusha. Sabato moja tukiwa tumeinamisha vichwa kwenye maombi, sauti ya mwanamke wa Kizungu ilitoka mfukoni mwangu ikilitangazia kanisa zima dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilipofika nyumbani nilizima vikumbusho vyote. Maandishi yangu yaliendelea kuingia humo kila siku, yamepangwa vizuri, yana rangi, na hakuna kilichotoka tena. Kumbukeni hilo la vikumbusho.

Ushauri wangu wa bure ni mdogo: andika kwanza, panga baadaye, na usome ulichoandika. Huo wa mwisho mimi sikuufuata.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kambi ililetewa mradi wa majaribio. Walikuja vijana wanne, nadhifu, wenye viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga matope ya Migori, wakaleta droni na kishikwambi. Droni ingezunguka juu ya mpaka kuangalia wizi wa mifugo. Kishikwambi kingeonyesha picha, na akili bandia iliyomo ingechora visanduku yenyewe: kijani kwa raia, manjano kwa wa kutiliwa shaka, nyekundu kwa mshambuliaji. Walituambia waziwazi kwamba kifaa kikishafuzu hapa kwetu kitapelekwa sehemu zenye vita kamili, na huko kitafungiwa silaha na hakitakuwa na muda wa kumngoja karani. Wakauliza kama kuna swali. Nilinyoosha mkono. Niliuliza chai ni saa ngapi.

Ili mashine ijifunze, walitaka kumbukumbu zetu za zamani ziingizwe humo. Madaftari yangu ya mpakani yalijaa sanduku zima la bati. Kila tukio lilikuwa na kurasa mbili tatu za kushoto: watu wangapi, wanatoka wapi, wana nini mikononi, wanapiga kelele gani. Kulia kulikuwa na neno moja au mawili: wezi, wachungaji, ugomvi wa ndoa.

"Sajini Okumu," kijana mmoja aliniambia, "tunahitaji jibu tu. Hadithi si lazima."

Nilifurahi! Ningeweza kukataa. Ningeweza kumweleza kwamba hiyo anayoiita hadithi ndiyo kazi yenyewe, na kwamba hilo jibu lilitoka kwenye kichwa ambacho Koplo Chacha hakuwahi kukisifu. Lakini nilikuwa na uvivu, na kushoto kulikuwa na maneno mengi. Basi nikaingiza safu ya kulia peke yake, madaftari yote, nikisikiliza mpira redioni. Kazi waliyoipangia miezi miwili niliimaliza kwa siku tisa, wakanisifu kwa kasi.

Mkubwa wetu kambini alikuwa Inspekta Mwende, mwanamke wa Machakos, mkali na mwenye haki. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, wezi wa mifugo wa upande wetu walivuka kijito cha mpakani kilicho chini ya kambi, wakamjeruhi askari wake mmoja begani, wakarudi na ng'ombe wa majirani. Mwende aliapa kwamba hatavukwa tena.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Nilikuwa na haraka, maana Sabato huingia jua likitua na nilitaka niwe nyumbani nimeshaoga. Kishikwambi kikalia. Nikatazama, nikaona skrini imejaa nyekundu. Watu kama mia, wakikimbia kushuka kuelekea kijitoni, vumbi limetanda, mikuki na marungu juu, ng'ombe wakifukuzwa katikati yao. Mmoja alikuwa mbele ya wote, mwenye koti refu na kofia, ameinua mkuki, na sanduku lake lilikuwa kubwa kuliko mengine. Juu yake mashine iliandika: KIONGOZI. Chini ya picha kulikuwa na vitufe viwili, Thibitisha na Kataa, na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma kutoka sekunde sitini.

Sekunde sitini ni nyingi. Mimi nilitumia labda nne. Nilibonyeza Thibitisha.

Redio ikaitika hapo hapo. Mwende alikuwa kijitoni na askari wanane, wamelala kwenye miwa. "Nimepokea. Wakikanyaga maji tunaanza na huyo wa mbele."

Umeme wa kambi yetu ulikuwa na tabia zake, kwa hiyo sheria ilitaka nakala ya kila tukio iwe pia kwenye daftari la karatasi. Nikachukua penseli. Mkono ulianza kushoto wenyewe kwa mazoea. Nikaandika: watu kama mia moja. Wana mikuki, marungu, pembe. Wengine wamejifunga majani. Wanakimbia kuelekea mpakani. Wana ng'ombe. Nikahesabu ng'ombe kwenye skrini: tisa. Wametoka upande wetu.

Nikasimama hapo kwenye "wametoka upande wetu." Nikarudia kusoma. Mwizi wa ng'ombe huenda mikono mitupu, hurudi na ng'ombe. Hawa walikuwa wakienda nao. Ni mwizi gani huyo anayeswaga ng'ombe wake mwenyewe kumpelekea anayetaka kumwibia? Na ni nani anayekusanya watu mia kwa ajili ya ng'ombe tisa?

Mimi ni Mjaluo. Nimezaliwa na kukulia hapa. Kila mtoto wa kwetu, hata wa Kisabato aliyekatazwa na baba yake kwenda kutazama, anaijua tero buru: mzee wa heshima akizikwa, watu huchukua ng'ombe, mikuki na pembe, wakakimbia mpaka kwenye mpaka wa nchi kama wanaokwenda vitani, kukifukuza kifo kitoke katika boma la marehemu. Nimeisikia ikipita karibu na nyumbani mara zisizohesabika. Lakini nilikuwa nikiitazama kutoka juu, haina sauti, imepakwa nyekundu, na nikaamini rangi.

Nikabonyeza Kataa. Mashine ikanijibu kwamba uthibitisho umeshatumwa na ikanishukuru. Nikanyakua redio.

"Afande, msipige! Hao si wezi."

"Sajini, wewe ndio umethibitisha saa hii."

"Nimekosea, Afande. Wako na ng'ombe wao. Wanaenda nao."

"Na mikuki?"

"Mikuki wako nayo. Ni matanga. Wanafukuza kifo."

"Wanafukuza nini?"

"Kifo, Afande. Mpaka kwa mpaka."

"Sajini Okumu, umekunywa nini?"

"Mimi ni Msabato, Afande. Sinywi."

Nilimsikia akipumua. Simlaumu. Mwezi uliopita alikuwa amembeba kijana wake akivuja damu. "Mimi sitaacha watu wangu wauawe kwa sababu umekumbuka matanga saa hii," alisema. "Mashine imesema, na wewe umesema. Nataka mtu awaone kwa macho, anipigie kabla wafike kwa maji. La sivyo najua kazi yangu."

Mtu mwenyewe alikuwa nani? Kambini tulibaki mimi na paka. Nikachukua pikipiki ya kambi, ambayo sikuwa nimeipanda kwa miaka sita, redio nimeining'iniza shingoni, nikateremka njia ya miwa nikipiga honi na kumwomba Mungu aniangalie hata kama nimekaribia kuivunja Sabato yake. Nilifika uwanjani kati yao na kijito. Nikataka kusimamisha pikipiki kwa heshima, ikakataa, ikaniangusha kwenye majani makavu ya miwa miguu ikiwa juu.

Nikainuka, nikanyoosha mikono. Sasa fikirini mambo yalivyokuwa. Watu mia wanaigiza vita. Wamekimbia mwendo mrefu na hawajapata adui hata mmoja wa kuigiza naye. Mara anatokea mtu mnene mwenye sare, peke yake, mikono juu. Walinishangilia! Walinizunguka kwa pembe na vifijo, mikuki ikisimama urefu wa rula moja kutoka puani pangu, nyuso zimepakwa majivu, na mimi, aliyekuja kuwaokoa, nilipiga ukelele ambao mpaka leo watu wa huko huuigiza nikipita sokoni.

Kisha wakafungua njia. Yule wa mbele alikuja, koti likiburuta chini, mkuki mkononi, kofia imefunika macho. Akaivua. Alikuwa mama mzee mwenye mvi. Alikuwa Min Otieno, yaani mama wa Otieno, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyemfundisha Akinyi kusoma. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye majivu ya mashavu yake.

"Sajini," alisema, sauti imekauka, "umekuja sasa? Tulikungoja asubuhi kwa mazishi. Mzee alikuwa anakuita rafiki."

Nikashika redio. "Afande, nimewaona. Ni matanga. Huyu wa mbele ni mjane. Ni mama mzee, amevaa koti la bwana yake, ameshika mkuki yake. Kwetu ndivyo mjane hufanya."

Nikamwita tena. Halafu nikasikia sauti ya Mwende ikiwaambia watu wake washushe bunduki, na haikuwa sauti ninayoijua. Baadaye aliniambia kwamba kidole chake kilikuwa mahali pake tayari, na kwamba lile koti lilikuwa katikati kabisa ya shabaha yake.

Jioni ile, kabla jua halijatua, nilifungua simu. Jamii, Matanga. Jumanne mtoto wao alikuwa amenipigia, na mimi nikaandika kila kitu, kwa rangi ya zambarau: Baba Otieno amefariki, mazishi Ijumaa asubuhi, buru alasiri, wataelekea kijitoni, waarifu kambi. Nilikuwa nimeiambia simu inikumbushe mara mbili. Habari yote iliyotakiwa ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu wakati nilipokuwa nikibonyeza Thibitisha. Nilikaa kwenye kitanda nikalia, na sijui kama nilimlilia mzee au nilijililia mimi.

Ningependa kumaliza hapo, maana hapo bado naonekana mtu mwenye makosa ya kuchekesha. Lakini Akinyi alisema niwaambie ukweli.

Majuma machache baadaye mradi ukafungwa, na ripoti ikaletwa. Ijumaa ile ilikuwa ndiyo fahari yao: uvamizi wa watu wenye silaha umetambuliwa mapema, umethibitishwa na mtumishi mzoefu, umezuiwa, hakuna aliyeumia. Watu walirudi nyuma kabla ya kuvuka, si ndiyo? Basi kwa hesabu ya mashine walishindwa. Mwende aliandika barua kueleza kilichotokea. Akajibiwa kwamba data imeshafungwa, ila maoni yake yanathaminiwa. Siku ya kutoa vyeti hakwenda.

Mimi nilikwenda. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu, palikuwa na soda na keki, na nilijiambia kwamba karatasi haimuumizi mtu. Nilipeana mkono na wakubwa, nikapigwa picha nimevuta tumbo ndani. Cheti nikakiwekea fremu, nikakitundika sebuleni juu ya televisheni, ili wageni wakitazama habari wanitazame na mimi.

Mwezi wa tatu wa kustaafu kwangu Min Otieno alikuja kututembelea, ameleta njugu. Nikamkaribisha, nikamwekea chai, nikaingia ndani kutafuta sukari. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya televisheni, miwani puani, anasoma kwa kidole, pole pole, kama walimu wanavyosoma.

"'Kwa kuzuia uvamizi wa watu wenye silaha,'" alisoma. Kidole kikateremka mpaka kwenye tarehe, kikatulia. "Sajini. Hii ndiyo siku nilizika mzee."

"Ndiyo, mwalimu."

"Huyo mvamizi alikuwa nani?"

Sukari ilikuwa mkononi. Ningeweza kudanganya, nimedanganya kwa mambo madogo kuliko hayo. "Mlikuwa nyinyi," nikamwambia.

Akaketi. Nilingoja anitukane, na hakunitukana. Aliuliza kama hayo yameandikwa kwenye hii karatasi peke yake. Nikamwambia hapana, yako ndani ya mashine, na mashine ilishachukuliwa, sijui iko nchi gani, na nimeambiwa inatumika kufundishia nyingine.

"Inafundisha zingine?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo huko imeenda," alisema, "mama akivaa koti ya bwana yake..."

Chai hakuinywa. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Hakuna kitufe cha kurudisha lile nililobonyeza. Nimeuliza, nimeandika, nimepiga simu, na kila mahali nimepewa sauti nzuri ya kuningojesha. Cheti nilikiteremsha, lakini hilo halina faida kwa mtu yeyote aliye chini ya ile droni.

Akinyi ameniambia kwamba tangu Jumatatu mmeanza kuletewa picha za aina mpya, zilizopigwa kutoka juu, za watu wanaokimbia katika nchi ambayo hamkutajiwa, na kwamba orodha mliyopewa ina majina matatu tu ya kuchagua, na la kwanza ni mpiganaji. Najua picha usiyoipa jina hailipwi. Najua mna kodi za nyumba na wadogo zenu shuleni. Hata hivyo naomba, na mimi sina haki yoyote ya kuwaomba: mkiona mtu mmoja yuko mbele ya wengine, amevaa koti linalomzidi, muulizeni Akinyi kwanza hapo ni nani amefiwa. Akisema hajui, msibonyeze.